Foto ya Nyumba Yenye Kufagiwa

Ninyi vijana munaosoma hii kwenye telefone, kidole kiko tayari kuisukuma juu, tulizeni kidole. Ninawaona. Munapiga foto ya sahani ya sombe mbele ya kuila. Munapiga foto ya viatu. Munajipiga wenyewe, mudomo mumeuvuta kama mbuzi anayenusa chumvi, na kesho munaifuta. Siwakemei sana kwa hiyo. Kidogo nawakemea. Lakini nataka mujue kwamba foto inaweza kufanya kazi kama jembe, na mimi nimeiona ikiifanya. Masomo yangu yaliisha nikiwa mudogo, na maneno yangu ni ya mulimani. Musitafute sukari ndani yake.

Tulikaa juu ya mulima mumoja wa Masisi, upande ule ambao jua la asubuhi linafika mapema na ukungu unaondoka ukiwa umechelewa. Nyumba yetu aliijenga Muzee wangu, baba ya watoto wangu. Miti na udongo kama za wengine, na juu aliweka manjanja, yale mabati ya kung'aa, tuliyoyabeba kichwani kutoka Sake wakati mimi nilikuwa ningali na shingo. Muzee ni muntu wa mistari. Akipanda maharage, anafunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, anapanda juu ya kamba, anaitoa, anakwenda mbali, anafumba jicho moja na kuangalia. Mbegu moja ikitoka nje ya mustari anaichimbua na kuirudisha. Mama yangu alipomuona mara ya kwanza shambani, alinivuta pembeni. "Huyu utakula kwake," alisema, "lakini utachelewa kula."

Kisha ikaja ile mvua. Ilinyesha hata kuku wakasahau kushuka kwenye kichanja chao. Mulima ulishuka siku ya soko, mchana, na ninasema Mungu mwenyewe njo alichagua siku hiyo, sababu wengi tulikuwa chini tukiuza. Tulisikia kitu kama lori linalomwaga mawe, ila hilo lori halikumaliza kumwaga. Lilipotulia, upande wa kushoto wa mulima ulikuwa wazi na mwekundu, kama goti la mutoto aliyeanguka. Shamba la migomba la jirani lilikuwa limefika mutoni, na migomba mingine ilikuwa ingali imesimama, imehama tu na udongo wake, kama mugeni aliyekuja na kiti chake. Mbuzi walikufa. Watu hawakufa.

Nyumba za upande wetu zilibaki zimesimama. Lakini nyuma yake, katikati ya nyumba na shamba la juu, ardhi ilikuwa imefunguka ufa murefu. Mukono wangu uliingia ndani hadi kwenye kiwiko. Shefu wa kijiji akapanda, akaangalia, akasema hakuna muntu wa kulala kule tena. Tuvuke ng'ambo ya muto, kwenye kiwanja cha kanisa, tushushe manjanja yetu, tujenge huko vibanda.

Sasa musikilize jambo moja, sababu bila hilo hamutaelewa mengine. Sisi tumekimbia mara nyingi. Risasi zinalia, unafunga mutoto mugongoni, unaenda. Mama yangu alinifundisha namna ya kukimbia: hata kama uko na haraka, fagia. Fagia chumba, fagia kiwanja, zima moto vizuri, egemeza mufagio nyuma ya mulango. Nyumba yenye kufagiwa inasema mwenyewe anarudi. Ile chafu inasema amekufa, ingia uchukue. Na kweli, tulikuwa tunarudi. Vita inapita kama muntu wa njia. Kwa hiyo tulipouacha mulima, kila mwanamuke alifagia. Mimi nilifagia. Hakuna aliyejiuliza kama mulima uko sawa na vita.

Na hakuna aliyeshusha manjanja haraka kama Shefu alivyotaka, lakini pole pole, nyumba kwa nyumba, walishusha. Huku kwetu manjanja yakishuka, nyumba imekwisha kuachwa, hata kama kuta zinasimama. Moja tu ilibaki inang'aa juu kule. Ya kwetu.

"Muzee, manjanja," nilimwambia.

"Manjanja imefanya nini?"

"Ishuke."

"Mimi niliipandisha. Itashuka siku mimi nitashuka."

"Wewe umeshashuka. Uko hapa, unakunywa chai yangu."

"Hapa niko matembezi," akasema.

Na ilikuwa kweli. Kila asubuhi alivuka muto na jembe lake, akapanda, akakaa kule hadi jioni. Ule ufa aliujaza udongo. Alibeba udongo na kikapu, akaukanyaga, akausawazisha. Halafu akapanda maharage juu yake. Alifunga kamba kutoka kwenye muti wa avoka ulio upande wa juu wa ufa, akaivuta hadi kwenye nguzo ya kona ya nyumba yetu, akapanda mustari, na mistari mingine pembeni yake, yote inapita juu ya ufa kama vile haukuwahi kuwapo. Aliporudi, mikono ilikuwa inanuka udongo mupya na uso wake ulikuwa wa kijana.

"Ufa gani?" aliniuliza. "Mimi naona shamba."

Nilitaka kumupiga na mwiko. Nilitaka pia kumupangusa uso. Mwanamuke aliyekaa na mwanaume muda murefu atanielewa.

Ni wakati huo njo mujukuu wetu alikuja. Ni mutoto wa binti yangu aliyeolewa Hombo, lakini alisomea Goma, na kazi yake ni foto. Si foto za arusi. Kuna watu walimutuma apite kwenye milima yenye kuanguka, apige foto za nyumba ambazo wenyewe waliziacha, ili zitundikwe kwenye salon, ukumbi mukubwa wa mujini, na watu waone. Alifika na moto, ile pikipiki yake, mavumbi hadi kwenye kope, aparei yake ya foto ameikumbatia tumboni kama mimba.

"Koko," akasema, vile wajukuu wote wanatuita huku, "kesho nitapanda kule juu. Nataka kupiga foto za nyumba vile ziko."

"Vile ziko," nikasema. "Sawa."

Mimi nilisikia na masikio yangu. Wanawake wengine pia walisikia, sababu kibanda cha kiwanja cha kanisa hakina siri, ukuta ni turubai. Na kila mumoja alifikiri jambo moja: mugeni anakuja kwangu kesho, na mimi sijafagia.

Asubuhi, mbele ya mutoto kumaliza chai, tulikuwa juu. Sitawadanganya, na mimi nilikuwamo. Tulifagia nyumba zote. Tulitoa majani yaliyoanza kuota mulangoni. Mama mumoja alichanganya udongo mweupe, akapaka ukuta wa mbele, akafunika mipasuko. Mwingine alirudisha kiti na meza yake mugongoni, mulima wote ule, akatandika kitambaa cha kushona, akaweka chupa ya chai ya maua mekundu, bila chai ndani. Mwingine alivaa kikwembe cha Pasaka na kusimama mulangoni, mikono imeshikana mbele, kama bibi arusi anayengoja kuombwa. Nyumba yake haikuwa na juu. Mbingu ilikuwa inaonekana nyuma ya kichwa chake.

Mujukuu alifika akihema. Akasimama. Akaangalia nyumba ya kwanza, ya pili, akashusha aparei.

"Koko. Hizi ni nyumba za watu wenye kuhama, ao kuna arusi?"

"Ulitaka ukute mavumbi?"

"Ndiyo! Mavumbi njo nilitaka!"

"Nani alikufundisha kuingia kwa muntu na kutafuta uchafu wake? Mama yako?"

"Koko, watu kule Goma wataangalia hii foto watasema, mbona hawa hawakupata shida?"

"Hawajawahi kuona muntu mwenye shida na kiwanja safi? Waje. Nitawaonyesha milima yote hii."

Wanawake wakacheka. Yule wa kikwembe cha Pasaka akaita kutoka mulangoni kwake: "Mwanangu, piga basi, mimi shingo inaniuma!"

Alipiga. Aliwapiga wote, mumoja mumoja, na wakati anapiga nilimuona naye anacheka nyuma ya aparei, mabega yanatikisika. Ni mutoto muzuri. Hakutuambia tuondoe kitu. Lakini alipomaliza alinishika mukono, akaniomba nimuonyeshe mahali ambapo mulima wote unaonekana. Nikamupeleka ng'ambo, juu ya kilima cha pili, penye jiwe kubwa la bapa ambapo watoto wanachungia mbuzi. Akasimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya jiwe, akafunga aparei juu yake. Na hapo nilimuona babu yake ndani yake. Alifumba jicho moja. Alisogeza muguu mumoja wa chuma kidogo, akaangalia, akausogeza tena. Jua lilipanda na mimi nimekaa kwenye majani, nimenyoosha miguu, nangoja mutoto amalize kunyoosha mistari yake.

Alipopiga, alichora kwenye jiwe na musumari, pale miguu ya chuma iliposimama.

"Ya nini?"

"Nitarudi, Koko, majani yakiwa yameota. Nitapiga tena hapa hapa, urefu huu huu. Nikikosea kidogo, foto mbili hazitasema kitu."

Akaondoka na moto yake, kuelekea Pinga, kwenye milima mingine.

Na sisi tukabaki na matokeo ya kufagia kwetu. Maana Muzee aliziona nyumba safi, akaona ukuta mweupe, meza na chupa ya chai, wanawake wanacheka kwenye viwanja vyao vya zamani, akarudi jioni ile anaimba.

"Umeona, Mama? Muji umepona."

"Muji ulipakwa poda, Muzee. Maiti pia inapakwa."

"Wewe na mudomo wako."

Kesho yake alibeba godoro. Alilifunga na kamba, akaliweka kichwani, akavuka muto. Nilisimama kwenye ukingo nikamuita kwa jina ambalo namuita tukiwa wawili tu, na hakugeuka. Watoto wetu walimufuata, wakamusihi. Shefu alimufuata. Kateshiste wa kanisa alimufuata, akarudi na avoka. Muzee aliwapokea wote vizuri, akawapa viti, akawaambia kwamba ufa umefungwa, waangalie wenyewe, maharage yameota, na maharage hayaoti juu ya shimo.

Mimi nilisema neno moja mbele ya watu wote: chakula changu hakipandi mulima. Akitaka kula, ashuke.

Nililisema kwa nguvu. Halafu kesho yake nilikumbuka kwamba kuku mumoja alibaki kule na muntu lazima amuangalie. Na kwa sababu napanda, bugali kidogo na samaki ndani ya kitambaa si mzigo. Tulikula wote wawili kwenye kizingiti, kama zamani watoto walipokuwa wamelala. Alinipa kichwa cha samaki, vile amenipa siku zote, akidai hakipendi. Muntu aliyezaliwa karibu na Shasha, mutoto wa ziwa, hapendi kichwa cha samaki! Nimeukula uongo huo maisha yangu yote na haujanichosha.

"Kuku iko muzima?" aliniuliza.

"Iko."

"Umuangalie na kesho."

Nilimuangalia kesho, na kesho kutwa. Lakini sikulala kule hata mara moja, na kila jioni niliposhuka niliangalia mawingu upande wa Walikale, kwenye misitu, kule mvua yetu inatoka. Wakati wa kiangazi mulima unalala. Sisi wote tulijua kiangazi kinaenda kuisha. Nilikuwa nahesabu mawingu kama muntu anayehesabu maadui, na ndani ya nyumba ile ya kung'aa alikuwamo muzee mumoja, kichwa kigumu, ambaye sikuwa na mwingine.

Mujukuu alirudi mawingu yalipoanza kukaa. Safari hii sikumwambia muntu. Hata yeye hakusema. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la bapa, akaweka miguu ya chuma kwenye alama zake, akapiga. Kisha akashuka kwenye duka, sababu mashini yake ya kuonyesha foto ilikuwa imeishiwa umeme, na Papa wa duka, mufanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, yeye peke yake alikuwa na umeme wa jua. Ilikuwa mchana na watu walikuwa dukani. Muzee pia alikuwa ameshuka kununua chumvi. Alipomuona mujukuu alimukumbatia hadi kofia yake ikaanguka.

"Kuja babu, uone muji wako," mutoto akamwambia.

Akafungua mashini na kuweka foto mbili, moja pembeni ya nyingine. Mulima wa kwanza, na mulima wa pili.

Tulisongamana. Kwanza wanawake waliona majani. Kwenye foto ya pili yalikuwa yameota hadi kwenye madirisha, na ule ukuta mweupe ulikuwa umepasuka na kumwaga udongo wake. "Aibu," akasema yule wa meza, "tazama kwangu." Mujukuu akatabasamu. Hiyo njo ilikuwa kazi aliyotumwa, majani na ukuta, na niliona kwamba ameridhika nayo.

Muzee hakuona vizuri. Papa wa duka akavua miwani yake, akamuvalisha.

"Chunga, Muzee, hiyo ni miwani ya muntu wa Butembo. Itakuonyesha bei tu."

Muzee akacheka, akainama. Alitafuta manjanja yake kwanza, akayapata, akayagusa na kidole. "Unaona inavyong'aa?" Kisha kidole kikapanda kidogo, hadi kwenye maharage. Kwenye foto ya kwanza yalikuwa yameanza tu kuota, mistari myembamba ya kijani kutoka kwenye avoka hadi kwenye kona ya nyumba, imenyooka kama nyuzi za kitambaa. Kidole kikahama kwenye foto ya pili. Kikasimama.

"Nani amegusa mistari yangu?"

Akatugeukia, mumoja mumoja.

"Nauliza. Nani? Ni watoto? Ni mbuzi?"

"Babu, hakuna muntu alifika kule," mujukuu akasema pole pole. "Wewe mwenyewe uko kule kila siku."

Sasa na sisi tuliona. Kwenye foto ya pili mistari ilitoka kwenye avoka imenyooka, ikafika kwenye ufa, na hapo ikavunjika. Chini ya ufa iliendelea, lakini imesogea pembeni na kushuka, kila mustari mbali na mwenzake wa juu, kama mufupa wa mukono uliovunjika na kuungwa vibaya. Nyumba ilikuwa imekwenda pamoja nayo. Ukisimama shambani, ndani ya majani, huwezi kuona. Inakwenda kidogo kidogo, na wewe unakwenda nayo. Lakini kutoka kwenye lile jiwe la bapa, mulima wote ulisema.

"Labda aparei yako iliegama," akasema Muzee, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Angalia muti wa avoka, babu. Angalia kilima cha nyuma. Haviko mahali pale pale?"

Akaangalia. Viko. Akafumba jicho moja nyuma ya miwani ya Papa wa duka. Alikaa hivyo, ameinama, mukono juu ya goti.

"Mimi sipandi hivi," akasema.

Akavua miwani, akaipangusa na shati lake, akamurudishia mwenyewe. Akachukua chumvi yake. Tukatoka wote wawili, tukavuka kiwanja cha kanisa, na mulangoni kwa kibanda alisimama akiangalia juu, kule kunapong'aa. Nina mudomo mukali, lakini kuna saa yake.

"Ile misumari," akasema, "niliipiga mimi mwenyewe. Uwaambie wasiikunje wakiitoa. Bado ni mizuri."

"Nitawaambia."

"Na kuku."

"Na kuku pia, Muzee."

Ile nyumba haiko tena. Mvua ilipofika sawasawa, mulima ulimaliza kazi yake, mchana tena, sisi tukiwa huku ng'ambo tunachagua maharage. Muzee aliinua kichwa, akasikiliza, akakiteremusha, akaendelea kuchagua. Manjanja yale iko juu ya kichwa changu sasa hivi ninapoandika, na misumari imenyooka yote. Zile foto mbili zilitundikwa Goma, pembeni kwa pembeni, na mujukuu aliniambia kwamba watu wanapita mbele ya majani na kuta, halafu wanarudi kuuliza kuhusu mistari ile ya maharage. Hata mama wa kikwembe cha Pasaka ametundikwa. Anaitaja kila Jumapili.

Lakini siku ile ya duka hatukujua kama mulima utatungoja hadi asubuhi. Mawingu yalikuwa yamekaa chini. Niliita watoto wangu, wakwe na wajukuu wote waliokuwa kwenye kiwanja, na binti yangu mukubwa alikuwa ameshachukua mufagio wake chini ya kwapa, tayari kupanda, vile nilimufundisha, vile mama yangu alinifundisha mimi. Nikamunyang'anya ule mufagio, nikasema:

"Pandeni sasa hivi, mushuke mbele ya mvua. Toeni manjanja, toeni mulango, leteni mafiga yangu yote matatu, na musikunje musumari hata mumoja. Mukimaliza, acheni mavumbi vile iko. Hakuna muntu wa kufagia ile nyumba tena."